Namba Saba wa Molo

Neno lilikuwa limeshamtoka Khisa, na limetoka mbele ya watu zaidi ya mia mbili.

Mliokuwa nami Jumamosi iliyopita mtakumbuka tulimwacha amesimama katikati ya ile sakafu ya saruji pale kinuni Nakuru, sakafu wanayoanikia mahindi siku za kazi na kuchezea mpira wa kikapu siku za mapumziko. Dalmas, kapteni wa timu ya kinu, alikuwa ametoka kujisifu alivyoshinda peke yake zile mechi tatu za mtoano za Pasaka ya mwaka wa hamsini na nne: Rongai, Naivasha, na fainali kule Molo. Ndipo Khisa akainuka na kusema, "Mechi hizo tatu nilizicheza mimi."

Watu wakacheka.

Na wangeachaje kucheka? Mwaka huo wa hamsini na saba hakukuwa na mchezaji aliyemfikia Khisa katika mechi za kawaida. Alikuwa mrefu, mwepesi, mpira ukitua mkononi mwake kama umeitwa. Lakini tangu Molo, kila ulipofika mtoano, kinu kilitolewa mechi ya kwanza. Mwaka wa hamsini na tano Khisa alicheza akitetemeka kwa malaria. Mwaka wa hamsini na sita Dalmas hakumpa mpira zaidi ya mara nne. Hayo hayakukumbukwa na mtu. Lililokumbukwa ni jina walilompa, Fundi wa Jumamosi, yaani mpe Jumamosi ya mchezo mtupu atakutengenezea maajabu, mpe siku ya kufa na kupona uone magoti yanavyogongana.

Sasa siku hiyo haikuwa ya mchezo mtupu. Bwana Meneja alikuwa amefika mwenyewe, kaptura yake imepigwa pasi mpaka inasimama, kuchagua kapteni mpya. Desturi ya kinu ilikuwa kwamba kapteni wa mpira ndiye nyapara wa sakafu, na nyapara hupewa ile nyumba ya mawe ya vyumba viwili karibu na lango. Khisa alikuwa akiishi chumba kimoja na familia nyingine, katikati wametundika magunia kama ukuta. Mkewe Naliaka alikuwa na ujauzito wa miezi minane, na mtoto wao wa kwanza, Nekoye, kifua kilikuwa hakimwachi kwa vumbi la unga. Khisa aliitaka nyumba ile kuliko alivyopata kutaka kitu chochote.

"Hapana cheka," Bwana Meneja akasema. "Mimi taka jua nani shinda Molo. Kitabu iko wapi?"

Kitabu kilikuwa kwa Hemed, karani wa kinu, kijana wa Kiislamu wa mtaa wa Bondeni aliyevaa kofia yake ya kudarizi mvua inyeshe jua liwake. Yeye ndiye aliyeandika pointi tangu timu ilipoanza. Akaja nacho kimefungwa kwa kitambaa cha kaki, akakiweka mezani, akakifungua kwa ukucha wa kidole gumba kama mtu anayemenya kitu kinachoweza kumwuma.

Akasoma. Rongai, Dalmas, pointi kumi na tisa. Naivasha, Dalmas, ishirini na mbili. Molo, Dalmas, ishirini na saba kati ya arobaini na moja za kinu. Jina la Khisa lilikuwa chini kabisa, na mbele yake mara zote tatu kulikuwa na mstari mtupu.

Dalmas akajinyoosha. Alikuwa mtu mnene wa shingo, mcheshi, na ucheshi wake ulikuwa na meno.

"Au labda wino nao ulinipenda," akasema. "Bwana mdogo, kaa chini. Kesho utatuambia na reli ni wewe uliyeijenga."

Sakafu nzima ikaangua kicheko. Khisa hakukaa. Akamgeukia Kimaiyo, yule mzee aliyekuwa askari Ceylon wakati wa vita, akarudi na mchezo huu kichwani, akawafundisha vijana wa kinu, akaomba kwa fundi wa mapipa pete mbili za chuma, na hizo ndizo vikapu mpaka leo. Kimaiyo alikuwapo Molo. Khisa akamwomba aseme alichokiona.

Kimaiyo akaviangalia viatu vyake. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Akasema jua la Ceylon lilimharibu macho, na Molo siku ile kulikuwa na ukungu, na yeye hapendi kusema asichokuwa na hakika nacho.

"Mzee," Khisa akasema polepole, "ni wewe uliyenifunga kidole."

Kimaiyo akainama, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Hapo ndipo Khisa angekaa chini, na mimi ningekuwa sina cha kuwaandikia leo. Lakini Bwana Meneja, aliyekuwa ameinamia kitabu na miwani yake puani, aligonga ukurasa kwa kalamu.

"Dalmas. Wewe vaa fulana namba gani?"

Kila mtu alijua. Fulana zile zilishonwa kwa magunia ya unga yaliyofuliwa, namba zimepakwa kwa lami, na nne yake Dalmas aliivaa hata kanisani ndani ya shati. Akajibu kwamba ni nne.

"Basi kwa nini hapa andika saba?"

Watu wakasogea. Ni kweli. Kitabu kilikuwa na safu mbili, ya majina na ya namba. Jina lilisema Dalmas, lakini namba kando yake ilisema saba. Rongai saba. Naivasha saba. Molo saba. Na namba saba haikupata kuvaliwa kinuni na mtu mwingine ila Khisa.

Dalmas akasema nne ilikuwa imefuliwa, haikukauka.

"Mechi tatu?" akauliza mwanamke mmoja wa wachambua mahindi, na safari hii kicheko kilikuwa cha upande mwingine.

Bwana Meneja akamtazama Hemed. Hemed akaitazama kofia yake, maana alikuwa ameivua na kuikunja mara nne bila kujijua. Akaivaa tena. Akasema kwa sauti ndogo kwamba aliambiwa abadilishe majina, akabadilisha majina. Namba hakuambiwa, akaziacha.

"Namba saba alikuwa Khisa," akasema. "Wallahi. Rongai, Naivasha na Molo. Mimi niliandika uongo miaka mitatu iliyopita na haujanipa usingizi mzuri tangu siku hiyo."

Ah, mngeiona ile sakafu.

Wanawake wa mahindi walipiga vigelegele. Wapakiaji wa magunia walimnyanyua Khisa begani. Na yeye, huko juu, akakiinua kidole cha kati cha mkono wa kushoto, kile kisichokunjika mpaka leo. Maana Molo ilikuwa hivi: baridi ya kukata masikio, wachuma pareto wamejazana pembeni wamejifunika mablanketi, kinu kiko nyuma kwa pointi tisa, na kidole cha Khisa kimetoka kwenye kiungo chake. Kimaiyo akakirudisha, akakifunga kwa uzi wa gunia, akamwambia rudi. Akarudi. Akapiga vikapu vitano mfululizo, cha mwisho mtu amemning'inia mgongoni. Siku hiyo hapakuwa na Fundi wa Jumamosi.

Mzee Wamalwa, baba yake Naliaka, alikuwa ameketi safu ya mbele na kofia yake ya pama magotini. Miaka ile alikuwa kibarua kwenye shamba la mzungu kule Kamere, kando ya ziwa Naivasha, na Nakuru amehamia baadaye, kwa hiyo mechi zile hakuziona. Akasimama, akawageukia watu, sauti inamtetemeka kwa fahari.

"Huyo ni mkwe wangu," akasema. "Muwe mnajua. Huyo ni mkwe wangu."

Bwana Meneja alikuwa tayari ameifunua karatasi ya nyumba.

Dalmas hakuwa na wasiwasi. Alingoja Khisa ashushwe begani. Alingoja vigelegele viishe kabisa. Halafu akasema kwa upole, kama mtu anayekumbusha jambo dogo lililosahauliwa, "Hemed, umewaambia ulichobadilisha. Waambie na sababu."

Ngoja niwaeleze kosa la Khisa, maana ni kosa ambalo mtu wa kwao tu angelifanya. Kwa Wabukusu vijana hutahiriwa mwezi wa nane, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana: hamsini na mbili, hamsini na nne, hamsini na sita. Mwanamume hasemi ana miaka mingapi, anasema alisimama mwaka gani. Zamu ya Khisa ilikuwa hamsini na mbili. Usiku wa kuamkia siku yake alikitoroka kisu, akapanda lori la mahindi, akashukia Nakuru akiwa na umri wa miaka kumi na minane. Hapo kinuni akasema yeye ni mwanamume wa hamsini na mbili. Alilisema mara nyingi hata mwenyewe akawa analisikia kama kweli.

Wenzake waligundua Rongai. Baada ya ushindi walikwenda kuoga bombani, na bombani hakuna siri. Karibu timu nzima ilikuwa ya watu wa kwao. Walinyamaza njia yote ya kurudi, hata askari wa kizuizi aliyekagua pasi zao za kusafiria akauliza kama wamefiwa. Jioni ile Dalmas akaamua kwa niaba ya wote. Hakuna mwanamume atakayerudi nyumbani kusema ameokolewa na msinde, mvulana asiyetahiriwa. Miguu yake tutaitumia. Jina lake hapana. Hemed abadilishe Rongai, na hata huko mbele, pointi za huyu ziwe za kapteni.

Khisa alikubali. Angefanya nini? Alitaka siri yake iwe siri. Agosti ya mwaka huohuo akaomba ruhusa, akasema amefiwa na mjomba, akaenda kwao akasimama bila kupepesa jicho, akarudi mwanamume. Septemba akamwoa Naliaka, ambaye tumbo lilikuwa limeshaonekana, na Mzee Wamalwa akakubali bila kelele kwa sababu aliambiwa mkwe ni wa hamsini na mbili.

Basi leo, katika kuililia nyumba, Khisa alidhani Hemed ataulizwa ni nani aliyecheza. Hakukumbuka kwamba ataulizwa na kwa nini.

Hemed alijaribu. Alisema sababu ilikuwa mambo ya timu, ya ndani, na Bwana Meneja hayamhusu. Dalmas akacheka.

"Ya ndani ya suruali," akasema. "Haya, nitamsaidia. Namba saba wa Molo alikuwa mvulana. Mimi nilimwona kwa macho yangu bombani Rongai, na wenzangu sita wako hapa, aseme mmoja kwamba naongopa."

Hakusema mmoja.

"Aliyekimbia kisu hamsini na mbili," Dalmas akaendelea, "mnampa watu awasimamie? Mtu akikimbia mara moja anakuwa amejifunza njia. Mnashangaa anavyotetemeka kila mtoano."

Bwana Meneja akauliza hayo ni maneno ya nini, lakini hakuna aliyekuwa na muda wa kumfasiria. Wote walikuwa wakimtazama Mzee Wamalwa.

Mzee hakufoka. Ingekuwa afadhali angefoka. Aliinama, akaokota punje za mahindi zilizobaki kwenye ufa wa saruji, akazipuliza vumbi, akakaa.

"Ulisimama lini?" akamwuliza Khisa.

Khisa akasema, "Baba, tuongee nyumbani."

"Nimekuuliza mwaka."

"Hamsini na nne."

"Mwezi wa nane." Mzee akaweka punje moja juu ya goti. "Huu Agosti." Akaweka ya pili. "Septemba, ulipokuja kwangu. Oktoba." Akaweka ya nne, akaipapasa kwa kidole. "Novemba nililetewa barua Kamere kwamba Nekoye amezaliwa, mzima, mnene, ana nywele. Hizi ni punje nne." Akawageukia watu, na ile fahari ya punde ilikuwa imekauka usoni pake. "Mkwe wangu alizaa mtoto wa miezi minne."

Kuna aliyecheka kule nyuma. Kisha wengi.

Khisa akamtafuta Naliaka. Alikuwa ameketi kati ya wanawake wa mahindi, Nekoye amelala mapajani mwake, mdomo wazi, anakoroma kwa kile kifua chake. Wanawake waliokuwa wakipiga vigelegele walikuwa wamejisogeza, mmoja huku mmoja kule, mpaka pande zote mbili za Naliaka palikuwa patupu. Kwao hakuna aibu kubwa kwa binti kuliko kubebeshwa mimba na msinde. Si yeye tu, na mtoto pia. Nekoye angelibeba hilo mpaka aolewe, kama angeolewa.

Mzee Wamalwa akasema lori la mboga linaloshuka Naivasha, kwa ndugu zake waliobaki Kamere, huondoka saa kumi na moja. Kama ni hivyo alivyosikia, Naliaka atakuwa ndani yake, na mtoto, na huyo aliye tumboni, na Khisa asifuate.

Dalmas akamkaribia Khisa, akamshika bega kama ndugu, akamnong'oneza sikioni.

"Bado unaweza kuokoka, bwana mdogo. Sema Hemed amechanganya mambo. Sema hukucheza, si Rongai, si Naivasha, si Molo. Kama hukucheza, hatukuoga nawe. Kama hatukuoga nawe, hatukuona kitu. Utakuwa wa hamsini na mbili tena, na mtoto atakuwa na baba. Mimi na hawa sita tutasema tulikuwa tunatania."

"Na nyumba?"

"Nyumba si yako. Usiwe na tamaa."

Khisa alimtazama Dalmas, akaitazama karatasi juu ya meza, kalamu imewekwa kando yake kwa ajili yake. Jina lake lilikuwa limeshaandikwa juu, kwa mwandiko wa Bwana Meneja. Ilibaki sahihi tu. Akafikiria vyumba viwili, dirisha la vioo, mtoto anayelala bila kukohoa. Halafu akafikiria mtoto huyohuyo akiulizwa bombani na wenzake baba yake alikuwa nani.

Akaifikia meza kwa hatua tano.

"Bwana," akasema, na sauti ilisikika mpaka langoni, "Hemed amekosea. Mimi sikucheza. Rongai, Naivasha, Molo, zote alicheza Dalmas. Nilisema uongo kwa sababu nilitaka nyumba."

Bwana Meneja akamwuliza kama ana hakika. Khisa akasema ndiyo. Akaulizwa kidole je. Akasema kilibanwa na mlango.

Dalmas akapaza sauti kwamba yale ya bombani yalikuwa mzaha wa wanaume, na wale sita wakaitikia kwa vichwa kama waliofungwa kamba moja. Bwana Meneja akapumua kwa hasira, akalikata jina la Khisa kwa mistari miwili, akaandika Dalmas juu yake, akamwambia Khisa kwamba mtu mwongo hawezi kushika hata ufagio katika kinu chake, Jumatatu asije. Dalmas akatia sahihi. Wino ukakauka papo hapo kwa jua lile.

Na hivyo ndivyo zile mechi tatu zilivyomtoka Khisa mara ya pili, safari hii kwa mdomo wake mwenyewe. Nyumba imekwenda. Kazi imekwenda. Lakini amemnunulia Naliaka jina, na hilo alitosheka nalo. Akamgeukia mkewe, karibu atabasamu.

Mzee Wamalwa alikuwa bado na punje zake nne gotini.

"Mimi si mzungu," akasema. "Wewe umeshaniambia hamsini na nne, na mtu akiulizwa ghafla ndipo husema kweli. Sikuulizi tena. Namwuliza binti yangu. Naliaka, mwaka ule, huyu alikuwa mwanamume au mvulana?"

Naliaka akamlaza Nekoye juu ya kanga yake. Akasimama kwa taabu, mkono mmoja kiunoni. Hakuwa analia. Alimtazama mumewe kwa muda, namna mtu anavyolitazama shamba analoliacha.

"Asiseme uongo kwa ajili yangu," akasema. "Molo alicheza yeye. Na alikuwa mvulana, Baba. Hesabu yako ni sawa."

Sakafu nzima ilishusha pumzi.

"Lakini msinde hakunizalisha. Nekoye ni mtoto wa mwanamume."

Khisa alifungua mdomo. Alizijua siku zake na Naliaka, Januari ile na Februari ile, nyuma ya ghala. Alijua anachokijua. Kama mke wake anadanganya, anadanganya ili mtoto apone. Na kama hadanganyi, basi yeye ametupa nyumba, kazi na Molo kwa ajili ya mtoto wa mtu. Alitaka kuuliza, na hakujua anataka kujibiwa lipi.

"Mwanamume gani?" Mzee Wamalwa akauliza.

Naliaka hakutaja jina. Dalmas, karatasi ya nyumba mkononi, alikuwa akicheka na kuwaangalia wanaume mmoja mmoja, anachagua nani awe baba, anamkonyeza huyu, anamwonyesha kidole yule.

Mezani, nyuma yake, Hemed alikifunga kitabu cha pointi. Akaivua kofia yake, akaiweka juu ya kitabu, akasimama, amemkabili Mzee Wamalwa.